Krismasi Hupita Kwetu Mara Mbili

Watu wa kwingine wana Krismasi moja. Sisi wa Mai Mahiu tuna mbili: kuna inayoshuka kutoka Nairobi shule zikishafungwa, na kuna inayorudi Nairobi baada ya mwaka mpya, kuku kwenye buti na gunia la viazi juu ya keria. Zote mbili hupita mbele ya lango langu. Zote mbili husimama kunywa chai.

Lawama naipa barabara. Ukitoka Limuru ukateremka ukingo wa Bonde la Ufa, lami inakutua kwetu kisha inagawanyika. Wa Narok, Bomet na Kisii wanakata kushoto. Wa Naivasha, Nakuru, Eldoret na Kisumu wananyoosha. Wako wanaopita barabara ya juu, ile ya Kinungi, na hao nawaombea baraka kila jioni. Waliobaki, hata yule ambaye undugu wetu hauelezeki bila kalamu na karatasi, wote wana sababu ya kukata kona na kuingia kwangu “kusalimia tu”.

Kusalimia tu huanza na chupa ya chai. Chupa ikishakaa mezani, mkate hauwezi kukosa. Mkate ukiliwa, mke wangu anasema wageni wametoka mbali (wametoka Kinoo, jamani, mwendo wa saa moja!) na hawawezi kuondoka na chai tumboni pekee. Hapo kuku mmoja anaanza kutimua mbio uani, maana ameshajua yanayomjia, na kuku huyo, nasema bila haya, ndiye mwanamichezo pekee wa boma langu mwezi wa Desemba.

Msinielewe vibaya, wageni nawapenda. Tatizo ni sahani. Kwetu mgeni hali peke yake. Akipakuliwa, mwenyeji naye anapakuliwa, wanakula pamoja wakiulizana habari za mvua. Ukisema umeshiba, mgeni anaweka kijiko chini, anamtazama mke wako, anakutazama wewe, na kabla hajafika Gilgil ukoo mzima umeshaambiwa kwamba nyumba ile kuna jambo. Kwa hiyo unakula. Gari likiondoka unajinyoosha kidogo, unafungua kifungo cha suruali, unataka kulala. Honi inalia langoni. Ni jamaa wa Bomet. Wanasalimia tu.

Nami ni mtu wa presha. Sisemi presha ya mawazo, hiyo kila Mkenya anayo; nasema ile ya kufungwa mkono na kubanwa mpaka vidole vife ganzi. Kila sikukuu zikikaribia naenda kupimwa, na muuguzi hunipa hotuba yake: punguza chumvi, punguza mafuta, punguza nyama nyekundu, tembea walau nusu saa kwa siku. Hotuba yenyewe haina kosa. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na linasema kila kujisogeza kuna faida, hata kazi za nyumbani. Lakini shirika hilo lina makao yake Geneva, na sidhani kama mtu wa Geneva akitoka mlangoni kwenda kutembea hupigiwa honi na trela la magurudumu 22.

Hebu niambieni nitembelee wapi. Barabara ya Narok ina malori, na pembeni mwa malori kuna vumbi, na ndani ya vumbi kuna boda boda inayokuja upande usio wake ikiwa imebeba godoro. Ya Naivasha siku za kawaida ina nafuu, lakini Desemba foleni ikikaza kuna madereva wanaoiruka kwa kupita kando, magurudumu mawili kwenye lami na mawili kwenye changarawe, palepale ambapo muuguzi anataka mimi nitembee nikipunga mikono. Ujenzi wa kupanua barabara yetu kutoka Rironi hadi Naivasha, kilomita 58, ulizinduliwa Novemba 2025. Mimi si mhandisi. Nauliza tu mtu wa miguu amechorwa wapi.

Kupanda kwenda juu ndiyo hata msinitajie. Malori yanashuka breki zikinuka kama mpira uliotupwa jikoni, na kila penye nafasi ya kusimama pana watu wanauza mahindi ya kuchoma, kabichi, karoti na kofia za ngozi ya kondoo. Pale chini kuna lile kanisa dogo la Waitaliano, wafungwa wa vita walioletwa kujenga barabara hiyo, wakalijenga mwaka 1942. Nikilitazama nawaza kwamba wale ndio watu wa mwisho kutoa jasho kwenye mteremko ule bila kujipiga picha. Maskini, hawakuwa na hiari. Siku hizi wenye hiari husimama pale, wananyoosha misuli kwa dakika moja, wanapigwa picha, wananunua mahindi mawili mawili na kurudi garini.

Upande wa Kijabe ya Zamani una njia nzuri za miguu, ila huko siendi kupunguza kitambi. Tangu siku ile ya 29 Aprili 2024, maji yaliposhuka kwa kishindo gizani yakaizoa Kamuchiri na makumi ya watu wetu, njia zile tunazipita tukienda kuwaona waliobaki, na hakuna anayehesabu hatua.

Wa kuhesabu hatua alikuja na gari. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada, ana kazi nzuri Nairobi, kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Alishuka amevaa kaptula ya kubana na saa nyeusi pana isiyo na mishale. Kabla hajamwamkua mtu vizuri akanitazama tumboni.

“Anko, leo umetembea hatua ngapi?”

“Nimetoka kitandani nikaenda choo cha nje nikarudi. Nyayo bado ziko kwenye vumbi, nenda kahesabu.”

Akanieleza kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba mtu mwenye afya anatakiwa atembee hatua 10,000 kila siku, na kwamba saa yake inampigia kengele akizembea. Sasa mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu mstaafu amebakiwa na kazi moja, kusoma ili ashinde ubishi. Nikamwambia hizo 10,000 hazikushushwa pamoja na Amri Kumi. Zilitoka Japani, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kampuni moja ilipoanza kuuza kidude cha kufunga kiunoni cha kuhesabia hatua na kukibandika jina lenye idadi hiyo. Ilikuwa idadi ya sokoni. Wataalamu wamekuja kuipima baadaye sana, wakaona hata hatua chache kuliko hizo zinamsaidia mtu, hasa mzee.

“Basi anza na hizo chache,” akasema. Watoto wa siku hizi hawashindiki.

Alikuwa amefuatana na rafiki yake wa Mombasa, kijana mwenye adabu, ila naye alinichokoza bila kujua. Aliuliza mbona tangu asubuhi hajaona mtu anakimbia, na hii si ndiyo Rift Valley yenyewe? Nikamkalisha. Nikamwambia, mwanangu, Rift Valley ziko mbili. Kuna ya Iten na Kaptagat, alikojinoa Eliud Kipchoge kabla ya kwenda Vienna mwaka 2019 kukimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Na kuna hii yetu, ambako mtu mzima akionekana anakimbia, majirani wanauliza kuna msiba wapi. Kesho yake alfajiri vijana hao wawili walitoka kukimbia kando ya barabara. Walirudi upesi. Makanga watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wamesimamisha matatu kuwapandisha, wakiamini wanaikimbilia.

Saa yenyewe ilipatikana na hatia jioni ya kuamkia Krismasi. Mke wangu alikuwa anakanda chapati, na chapati za Krismasi hazikandwi za kuhesabu kwa vidole. Karai kubwa, unga wa ngano, maji ya vuguvugu, chumvi (namwona, ananipa mgongo akitia), mafuta, kisha ngumi. Anaukandamiza unga, anaukunja, anaugeuza, anaukandamiza tena, mpaka unaacha kushika vidole. Halafu matonge, halafu kusukuma, halafu kuzikunja ndani na kuzisukuma upya ndipo ziende kikaangoni. Mpwa wangu kwa utani akamvua bangili, akamfunga saa. Basi tukasahau. Chapati ya mwisho ilikuwa haijageuzwa saa ilipotetemeka na kuwasha vimulimuli: hongera, umetimiza lengo la siku.

Mama watu hakuwa ametoka jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baada ya hapo saa ikawa mali ya ukoo. Akafungwa mtoto anayepepea jiko, ikahesabu. Akafungwa shemeji anayekata kachumbari, ikahesabu, ingawa kitunguu kilimliza na hilo haikuliandika. Nikaomba na mimi nifungwe wakati wa kula, nione. Mkono ukaenda sahanini, ukaenda mdomoni, ukarudi sahanini, kwa bidii ambayo walionizunguka wote waliishuhudia. Saa kimya. Huo ni ubaguzi, na nilimwambia hivyo mwenye saa.

Mke wangu ndiye aliyesema neno la maana, akipangusa mikono. Alisema yeye miaka yote amekuwa akiambiwa na wanaume wa nyumba hii kwamba Desemba ni mwezi wa kupumzika, sasa angependa kujua ni nani hasa aliyekuwa akipumzika. Tukala chapati kwa heshima kubwa. Hakuna aliyejibu.

Katika huo usomaji wangu wa kutafuta ubishi nilikuta utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000. Waliwapima watu wazima 195 kabla na baada ya sikukuu zao za mwisho wa mwaka, wakakuta kwa wastani kila mmoja ameongeza gramu 370 hivi. Nusu kilo haifiki! Watu wanakula bata mzinga na keki za maboga wiki kadhaa, halafu gramu 370. Mimi gramu hizo naziongeza kwa jamaa wa Bomet peke yao, kabla hata wa Kisii hawajapiga honi. Ila kuna sehemu inatisha kidogo: uzito huo, mdogo hivyo hivyo, hawakuupunguza miezi iliyofuata, na ukijumlisha mwaka hadi mwaka unapata mtu mzima mwenye kitambi anayeshangaa kilitoka wapi. Hapo ndipo Mkenya anapowashinda Wamarekani, kwa sababu wao hawana Januari yetu. Wakishangaa, sisi tunalipa karo, sare, madaftari na nauli ya mtoto wa bweni, na nyama inageuka jambo la kusimuliwa. Serikali ikitaka kupambana na kitambi iache mabango; iongeze Januari wiki mbili. (Usinisikilize. Nina wajukuu shuleni.)

Mpwa wangu hakukata tamaa nami. Krismasi ilipotulia akatangaza kwamba tunapanda Longonot, wote, na hakuna mjadala. Nilileta mjadala. Nilisema ule mlima nimeutazama maisha yangu yote kutoka barabarani na haujawahi kuniita. Nikasema ni volkano, na volkano hailali usingizi mmoja na mtu wa kawaida. Nikasema presha. Akampigia muuguzi wangu simu mbele yangu! Yule mama, badala ya kunitetea, akasema nipande polepole, nipumzike nikichoka na ninywe maji ya kutosha.

Basi tukapanda. Langoni siku hizi hawapokei pesa taslimu, unalipa kwa simu, kwa hiyo hata kisingizio cha kusahau pochi kilikufa palepale. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kama kilomita 3, na kuuzunguka mdomo wa volkano wote ni kilomita 7 na kitu. Kilele chenyewe kiko mita 2,776. Mwanzoni njia inakubembeleza: pundamilia kwa mbali, nyasi, upepo mzuri. Halafu inasimama wima. Udongo ni majivu ya volkano, laini kama unga wa mhogo. Unapiga hatua mbele, mguu unateleza nyuma nusu ya hatua, na hiyo nusu mimi ningependa kujua saa inaiandika vipi. Viatu vilijaa. Soksi zikawa rangi moja na mlima. Nilipumzika kila palipo na kivuli, na palipokosa kivuli nilipumzika kwa kanuni. Watoto wa shule walinipita wakikimbia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinipita akiongea na simu. Mke wangu alikuwa mbele muda wote na kiondo cha chapati, akigeuka kila mara kuniambia, “Baba watoto, si mbali sasa,” na mimi nilianza kuelewa kwa nini baadhi ya wazee huoa wanawake wasiosema ukweli kwa sauti tamu.

Tulifika ukingoni. Nakiri pale ni pazuri, sina ugomvi na pale. Ndani ya shimo kuna msitu mzima, umetulia huko chini kama umesahauliwa, na kwenye kuta mvuke unatoka hapa na pale. Mpwa na rafiki yake wakaondoka kuuzunguka mdomo. Mimi nikakaa kwenye jiwe, nikavua kiatu, nikamimina majivu, nikahisi kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe kwamba tumbo langu liko tupu kwa haki. Nilikuwa mbali na lango, mbali na honi, na sina mgeni.

“Haiya! Si huyu ni mwalimu?”

Nikageuka. Binamu wa mke wangu wa Kericho, na mumewe, na watoto, na shangazi mmoja aliyefunga leso kichwani, wote wamejaa vumbi, wote wanatabasamu. Nao walikuwa na kijana wao wa Nairobi mwenye saa. Nao walikuwa wameburutwa.

“Tulikuwa tumepanga tukishuka hapa tupitie kwenu,” akasema shangazi, akikaa karibu nami. “Kusalimia tu.”

Walikuwa na pilau kwenye chombo cha plastiki, na mbuzi wa kuchoma aliyefungwa kwa karatasi, amekatwakatwa tayari, na chumvi pembeni kwenye kikaratasi kidogo. Sisi tulikuwa na chapati. Mnajua kilichotokea. Tulikula juu ya volkano ambayo wajuzi wanasema huenda ililipuka mara ya mwisho karne ya 19, na shangazi akawa ananiongezea mnofu kila nikipumzika, akisema nimekonda. Nimekonda! Mke wangu alitazama shimoni asicheke. Vijana waliporudi wametoka jasho wakatukuta tunachokoa meno, na mpwa wangu akataka kusema jambo kuhusu nyama nyekundu, ila shangazi alimpa mbavu moja ashike, akanyamaza nayo. Kisha tukashuka wote pamoja, wakapitia kwetu, wakasalimia, na kuku mwingine akatimua mbio.

Walipokuja kuondoka vijana wangu ilikuwa wikendi ile ya mwanzo wa Januari ambayo Kenya nzima hukumbuka kwa pamoja kwamba Jumatatu kuna kazi. Niliwaonya waondoke usiku wa manane au wasiondoke. Waliondoka baada ya chakula cha mchana. Jua lilikuwa limeshazama mpwa aliponipigia simu, nami nikadhani amefika.

“Anko, bado tuko huku kwenye mteremko. Magari yamezima injini.”

“Saa yako inasemaje?”

“Inaniambia nimekaa sana, nisimame nitembee.” Akanyamaza kidogo. “Nimetoka nikatembea, Anko. Nimefika kanisani nikarudi, nimekula mahindi manne, gari bado liko palepale. Hatua nimepitisha 10,000.”

Nilimpongeza kwa moyo wangu wote. Ndipo akauliza, kwa sauti ya mtoto wa dada, kama wakigeuza gari washuke kulala kwetu kutakuwa na chochote cha kula. Nikamwambia simu haisikiki vizuri, ni upepo wa Kijabe huu, apige kesho. Mke wangu akaninyang’anya simu.

“Rudini tu,” akasema, mkono mwingine ukivuta karai chini ya meza. “Mjomba wenu hata hajala.”

Na nilikuwa nimekula.